Sauti ya Dereva: Usimulizi wa Kanda za Safari Mtandaoni na Hatima ya Wanyama wa Mara

Makala haya yanadhamiria kuzichunguza kanda za video za safari zinazosambazwa mtandaoni kwa jicho la mhakiki wa fasihi. Ninatambua kwamba baadhi ya wasomaji watashangaa. Kanda hizi kwa kawaida huachiwa wataalamu wa utalii, wa mawasiliano au wa ikolojia, na mwenzangu mmoja aliposikia mada hii katika semina ya idara aliuliza, kwa mzaha uliokuwa na chembe ya ukweli, kama sasa tutaanza kuwatahini nyumbu. Jibu langu lilikuwa, na bado ni, kwamba kanda hizi ni usimulizi. Zina mtambaji, zina hadhira, zina wahusika waliopewa majina, zina msuko na taharuki. Isitoshe, ni usimulizi unaotenda. Msomaji wa riwaya akifunika kitabu, wahusika hubaki pale walipoachwa na mwandishi. Mtazamaji wa kanda ya safari akimaliza kuitazama huweza kununua tikiti ya ndege, na akifika ukingoni mwa mto Mara hudai aonyeshwe kile alichokwisha kukiona. Hapo ndipo fani inapogeuka kuwa jambo la uhai na mauti kwa wahusika wenyewe.

Hoja nitakayoitetea ni kwamba madhara ya kanda hizi hayatokani hasa na maudhui yake, ambayo mara nyingi ni ya kusifu na kuhurumia wanyama. Yanatokana na fani: namna kanda zinavyoushughulikia wakati, na namna zinavyoifuta sauti ya mtu mmoja ambaye bila yeye pasingekuwa na kanda yoyote.

Kanda ya Kruger

Ni vigumu kuuzungumzia utanzu huu bila kuanzia na kanda iitwayo Battle at Kruger. Ilirekodiwa na mtalii mnamo Septemba 2004, kwenye bwawa moja katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini. Iliwekwa kwenye YouTube mwezi Mei 2007, na tangu hapo imetazamwa mara makumi ya mamilioni. Ina urefu wa dakika nane na ushei. Kundi la nyati linatembea kando ya maji bila wasiwasi. Mbele yao simba wamejilaza wakiwavizia. Simba wanachomoka, nyati wanatimua mbio, na ndama mmoja anaporomoka majini pamoja na waliomkamata. Wanapojitahidi kumtoa, mamba anaibuka na kumshika upande wa pili. Simba wanashinda katika mvutano huo. Hapo mtazamaji anadhani ngano imekwisha. Ndipo nyati wanaporudi, kundi zima, wakawazingira simba. Mmoja akamrusha simba hewani kwa pembe, na ndama, ambaye kila mtu alikwisha kumzika, akainuka na kuingia katikati ya wenzake.

Aliyelelewa na ngano zetu ataitambua sura hii mara moja. Ni hurafa, na hata idadi ya majaribu anayoyapitia ndama inafuata mazoea ya hurafa: simba, kisha mamba, kisha simba tena. Hata hivyo kuna tofauti moja ya kimsingi baina ya kanda hii na ngano inayotambwa jikoni usiku. Mtambaji wa ngano anaujua mwisho. Anapochelewesha, anachelewesha kwa ufundi. Sungura amekwisha kuokoka kabla hajaingia taabuni. Katika kanda ya Kruger anayeshika kamera hajui lolote. Sauti za walio garini zinaonyesha wazi kwamba wamekata tamaa juu ya ndama yule mapema kuliko nyati wenyewe. Mtambaji na hadhira wamo katika ujinga mmoja, na taharuki yake yote imejengwa juu ya ujinga huo. Kamera inatikisika, inapoteza mlengwa wake, inamtafuta tena. Mtaalamu wa filamu angeziita kasoro. Kwangu ndizo zinazotufanya tuamini.

Kanda hii pia inavumilia. Nyati wanatembea kwa muda mrefu kabla ya jambo lolote kutokea, na baina ya ushindi wa simba na kurudi kwa kundi kuna kipindi ambacho mhariri yeyote wa leo angekikata. Aidha gari limesimama ng'ambo ya bwawa, mbali, wala halisogei kufuata tukio. Umbali huo ni sehemu ya msimamo wa msimulizi, na pia ndio uliowaachia nyati nafasi ya kurudi.

Walioiga kanda hii waliona kilele chake tu. Na hilo linaeleweka, kwa sababu mtandao wenyewe uliendelea kubana muda wa hadithi hadi tukafika kwenye kanda za TikTok ambazo hazifikii dakika moja. Utanzu ukabaki na kichwa bila kiwiliwili.

Kuvuka

Tuje Mara. Kila mwaka, takriban kati ya Julai na Oktoba, makundi ya nyumbu kutoka Serengeti huingia katika Hifadhi ya Maasai Mara, eneo la kilomita mraba zipatazo 1,510, na katika kuingia na kutoka huko huuvuka mto Mara mara kadhaa. Kwa miaka mingi idadi yao imetajwa kuwa takriban milioni 1.3, ingawa hesabu iliyofanywa kwa picha za setilaiti na kuchapishwa mwaka 2025 iliwakadiria kuwa hawafiki 600,000. Wanasayansi wataendelea kuijadili tofauti hiyo. Mimi nimevutiwa na jinsi tarakimu ya zamani inavyoendelea kutamkwa mwanzoni mwa kanda baada ya kanda, kama vile "Paukwa" inavyotamkwa bila yeyote kuuliza kilichopaukwa ni nini. Imekuwa fomyula ya kufungulia.

Kanda ya kuvuka ina msuko ambao karibu haubadiliki. Vumbi, nyumbu wa kwanza anaruka, maji yanachafuka, mamba anamshika mmoja, wengine wanapanda ukingo wa pili wakichuruzika maji. Muziki wa ngoma umewekwa juu yake, ngoma ambazo mara nyingi hazina uhusiano na Wamaasai, watu ambao utamaduni wao wa muziki ni wa sauti ya mwanadamu zaidi kuliko ngoma. Hayo nayapita.

Lisilopitika ni suala la wakati. Ufupisho si dhambi. Hakuna usimulizi usiofupisha. Ila mhakiki ana haki ya kuuliza kimefupishwa nini, na katika kanda hizi vimefupishwa vitu viwili hadi vikatoweka kabisa: kungoja, na baada.

Nianze na baada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu sehemu ya Kenya ya mto Mara ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2001 na 2015 nyumbu wapatao 6,250 kwa wastani walikufa maji kila mwaka, wenye uzani wa jumla wa takriban tani 1,100. Wengi wao hawafi mikononi mwa mamba, kinyume na kanda zinavyotuaminisha. Hufa kwa msongamano, kwa kuteleza, kwa kufikia ukingo usiopandika. Mizoga hiyo hulisha samaki, tai na korongo. Na mifupa, baada ya nyama kwisha, huendelea kutoa fosforasi ndani ya maji kwa muda wa miaka ipatayo saba. Kilele cha sekunde arobaini, na mshuko wa miaka saba. Mwandishi wa riwaya aliyepewa mshuko kama huo bila malipo angeona haya kuutupa.

Kungoja ni jambo zito zaidi, kwa kuwa kulifuta kunarudi kudhuru. Agosti mmoja nilifika mtoni na wanafunzi wanne wa uzamili. Tulikaa garini kwa zaidi ya saa nne. Nyumbu walikuja mpaka majini, wakanywa, wakanusa, wakageuka. Walikuja tena. Kila walipokaribia, magari yaliyokuwa yamejificha nyuma ya vichaka yaliwasha injini na kusogea kwa pamoja, na mara mbili niliona kwa macho yangu kundi likikatiza safari yake kwa sababu njia ya kufikia maji ilikuwa imezibwa. Dereva wetu, mzee aliyekuwa amefanya kazi hiyo tangu enzi za kamera za filamu, hakusogea. Gari letu halikuona kuvuka siku hiyo. Mmoja wa wanafunzi, nakiri, alinung'unika.

Manung'uniko yake ndiyo yaliyonifungua macho. Alikuwa msichana mwerevu, msomaji hodari wa riwaya nene, asiyechoshwa na kurasa mia mbili za maandalizi. Lakini alikuwa amekwisha kutazama kuvuka mara nyingi kabla ya kufika, na katika kila kanda kuvuka kulianza pale pale alipobofya. Kanda hazikuwa zimemdanganya kuhusu nyumbu. Zilikuwa zimemfundisha kwamba saa nne za kungoja si sehemu ya tukio, bali ni kasoro ya huduma. Mtalii aliyelipia safari kwa dola anahisi hivyo maradufu, naye humhimiza dereva asogee. Dereva anaijua kanuni: magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, wengine wangoje zamu yao. Anajua pia kwamba bakshishi yake, na sifa atakayoandikiwa mtandaoni na mgeni huyo, vinategemea kilele.

Mnamo Julai 2025 kanda ya aina nyingine ilienea. Ilirekodiwa upande wa Serengeti wa mto huo huo, nayo iliwaonyesha watalii waliokuwa wameshuka magarini na kujipanga ukingoni, simu mikononi, huku nyumbu wakikosa pa kupitia. Mamlaka ya hifadhi za taifa ya Tanzania ilitoa taarifa ya kukemea. Kihakiki, kanda hii ni ya thamani kubwa kwa kuwa iliigeuza kamera ikaitazama hadhira. Katika fasihi simulizi hadhira ni sehemu ya utendaji. Huitikia, huimba kiitikio, huweza hata kumkatiza mtambaji. Utanzu wa kanda za safari umejengwa juu ya uongo mdogo kwamba hadhira haipo, kwamba nyumbu wanavuka katika ulimwengu usio na watu. Wanaorekodi hujitahidi sana kuyatoa magari mengine katika fremu. Hapa uongo ukafichuka. Kinaya ni kwamba kanda ya kufichua ilienea kwa nguvu zile zile zilizoleta umati: ilikuwa fupi, ilikuwa na kilele, na ilikuwa na mhalifu.

Ushahidi wa madhara hauko kwa nyumbu peke yao, ambao angalau wana wingi wa kuwakinga. Utafiti kuhusu duma wa Mara uliochapishwa mwaka 2018 uligundua kwamba katika maeneo yenye watalii wengi, duma jike aliweza kulea hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao, ilhali katika maeneo yenye watalii wachache wastani ulikuwa 2.3. Duma huwinda mchana, kwa macho, na windo lake huharibiwa kirahisi na gari. Mtu aweza kutazama kanda mia moja za duma na watoto wake asiijue tofauti hiyo, kwa sababu mtoto wa duma anayekosa kukua hana tukio. Hafi mbele ya kamera. Hapatikani tu katika kanda inayofuata. Vivyo hivyo nyaya za uzio ambazo zimeongezeka katika nyanda zinazozunguka hifadhi: ni tishio kubwa kwa uhamaji wa wanyama kuliko mamba wote wa mto Mara, lakini nani atarekodi waya uliosimama?

Ishara na wasomaji wake

Kuna upotofu wa pili, wa usomaji. Mfano ulio wazi zaidi unatoka mbali na kwetu. Mwaka 2009 kanda ya mnyama mdogo wa usiku wa Asia aitwaye loris ilienea duniani. Alikuwa akitekenywa ndani ya nyumba, na kila alipotekenywa aliinua mikono juu. Watazamaji waliona raha. Wataalamu wa loris waliona kitu kingine: mnyama huyo ana tezi ya sumu karibu na kiwiko, na kuinua mikono ni njia yake ya kujihami. Watafiti walioyachambua maoni zaidi ya 12,000 yaliyoandikwa chini ya kanda hiyo, wakachapisha matokeo yao mwaka 2013, walikuta watu wengi wakitamani kuwa naye nyumbani. Biashara ya kimataifa ya loris ilikuwa imepigwa marufuku tangu mwaka 2007.

Tunaowafundisha wanafunzi ushairi tunalijua kosa hili. Ni kuichukua ishara ya mfumo mmoja na kuifasiri kwa kamusi ya mfumo mwingine. Mara nako kulikuwa na duma aliyeitwa Malaika, maarufu kwa kupanda juu ya magari ya watalii. Kwa duma, gari ni kichuguu: mahali pa juu pa kutazamia mawindo. Kwa mtazamaji, ni mnyama wa mwituni aliyemchagua binadamu kuwa rafiki. Jina lenyewe lilikwisha kumsaidia kufasiri hivyo, na jina hilo tulilitoa sisi, kwa lugha yetu. Hatuna budi kukubali kwamba Kiswahili kimo katika kosa hili. Tangu filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 iwape watoto wa dunia Simba, Rafiki na Pumbaa, maneno yetu yamekuwa lakabu za kupendeza kwa masikio ya wageni. Neno safari ndilo lililotangulia. Kwetu ni mwendo wowote, hata wa mtu anayepanda matatu kwenda Kakamega kwa mazishi. Lilipoingia katika Kiingereza likabanwa likawa mwendo wa kwenda kuwinda wanyama, kisha kuwatazama. Hata orodha ya "wakubwa watano" inayorudiwa katika kila kanda ni urithi wa wawindaji: ni wanyama waliokuwa hatari zaidi kuwinda kwa miguu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini sarufi yake ingali hai.

Kinachosikika nyuma

Nimefika kwenye jambo lililonisukuma kuandika makala haya. Tazama kanda yoyote ya Mara iliyorekodiwa na mgeni kwa simu, isiyofunikwa kwa muziki. Zima macho, fungua masikio. Utaisikia redio ya gari. Utamsikia dereva akijibu. Na wewe msomaji wa jarida hili, tofauti na takriban watazamaji wote wa kanda hiyo, utaelewa kinachosemwa.

Wageni siku hizi wanajua "simba". Wanajua "twiga" na "kiboko". Dereva akitamka "simba" redioni, abiria watano watasimama na kudai kupelekwa huko, hata kama simba yuko umbali wa saa nzima na tayari amezingirwa. Kwa hiyo madereva wamebuni lugha ya mafumbo. Dereva wetu wa Agosti alimwita simba "sharubu", na chui akamwita "madoadoa". Nilipomuuliza kama majina haya yanatumiwa na wote, alicheka akasema kwamba hubadilishwa, kwa sababu wapo wageni wanaorudi kila mwaka na wanaoshika maneno upesi. Hii ni lugha ya siri iliyo hai, inayozaliwa na kuzikwa kila msimu, na kwa kadiri ninavyojua mimi haijapata kuchunguzwa katika idara yoyote ya Kiswahili hapa nchini. Tunawapeleka wanafunzi wakakusanye vitendawili ambavyo vimo vitabuni tangu tulipokuwa shuleni.

Mafumbo haya yana kazi ya kiuhifadhi. Kwa kumficha simba ndani ya sharubu, dereva anapata dakika chache za kuamua: aende au asiende, amwambie mgeni au amnyime. Redio hiyo hiyo, bila shaka, ndiyo inayoita magari ishirini mahali pamoja. Sitaki kuwafanya madereva kuwa watakatifu. Lakini ndani ya mazungumzo hayo kuna mabishano ya kimaadili yanayoendelea mbele ya pua ya kamera. Nimesikia katika kanda dereva akimwambia mwenzake arudi nyuma, mama ana watoto. Nimesikia mwingine akijibu kwamba wageni wake wanaondoka kesho. Maandishi yaliyo chini ya kanda hayatafsiri lolote kati ya hayo. Mengine huandika kwamba ni mtu anayezungumza lugha ya kienyeji. Mengine huiacha sauti hiyo kama ngurumo ya injini.

Ufutaji huu una historia. Theodore Roosevelt alipofika Afrika Mashariki mwaka 1909, Cherry Kearton alikuwepo na kamera ya filamu. Wapagazi na wasasi wa Kiafrika wamo katika picha za enzi hizo kama sehemu ya mandhari. Bernhard na Michael Grzimek walitengeneza filamu kuhusu Serengeti iliyotoka mwaka 1959 na kushinda tuzo ya Oscar iliyofuata. Kazi yao iliisaidia sana hifadhi ile kujulikana, na Michael aliipoteza roho yake humo katika ajali ya ndege. Mwaka huo huo wa 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti na kuhamishiwa Ngorongoro. Sisemi kwamba filamu iliwahamisha. Ninasema kwamba tungo inayosifu nchi tupu huifanya nchi tupu ionekane kuwa jambo la kawaida. Kanda za mtandaoni ni wajukuu wa tungo hiyo, ila zina udhaifu mmoja ambao babu zao hawakuwa nao: simu hunasa kila sauti, hata ile ambayo mwenye simu haijali.

Pingamizi

Yupo atakayesema kwamba ninawabeza watu wanaoleta riziki. Pingamizi hili ni zito, na sitalijibu kwa haraka. Tangu katikati ya miaka ya 2000, hifadhi za jamii zinazoizunguka Maasai Mara, kama vile Olare Orok iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mara North mwaka 2009, zimekuwa zikiwalipa wenye ardhi kodi ya kila mwezi ili mashamba yasigawanywe na kuzungushiwa nyaya. Kodi hiyo hutoka kwa wageni. Mwaka 2020, wageni waliofika Kenya walipopungua kutoka takriban milioni 2 za mwaka uliotangulia hadi chini ya 600,000, malipo yaliyumba, na wenye ardhi wakaanza kuulizana kama simba analipa kuliko ngano. (Ninakusudia ngano ya mkate.) Kanda zinazomleta mgeni, kwa maana hiyo, zinaushikilia uzio usijengwe. Tena, katika hifadhi hizi idadi ya magari hudhibitiwa kwa idadi ya vitanda, jambo ambalo hifadhi kuu haijaliweza.

Ninalikubali hili lote, na bado sioni kwamba linaitetea fani ninayoikosoa. Mgeni anaweza kuvutiwa na usimulizi wa aina nyingine. Mwaka huo huo wa 2020 waongozaji katika hifadhi kadhaa za Afrika walianza kurusha matembezi yao moja kwa moja mtandaoni, saa nyingi, mara nyingi bila kuona chochote zaidi ya nyayo, nao walipata watazamaji waaminifu. Huko dereva ndiye mtambaji. Anaulizwa maswali, anajibu, anakosea, anajirekebisha.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa maandishi. Taasisi ya Sheldrick, yenye kituo cha ndovu mayatima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, huchapisha mtandaoni, pamoja na kanda zake, shajara za walezi. Ni maelezo ya siku baada ya siku: nani alikataa maziwa, nani alimsukuma mwenzake kwenye tope, ni ndovu gani aliyekwisha kurudi porini aliyekuja kutembea na kundi lake. Nimezisoma za miezi mingi mfululizo, na naungama kwamba nilianza kwa ajili ya makala haya nikaendelea kwa ajili yangu. Hazina kilele. Zina ule wakati mrefu ambao kanda za kuvuka zimeukata. Ndovu mmoja huchukua miaka kumi hivi kutoka chupani hadi porini, na msomaji akitaka kuujua mwisho wake, itambidi angoje kama mlezi anavyongoja. Yapo ya kukosoa: lugha yake wakati mwingine humpa ndovu hisia ambazo hatuna njia ya kuzithibitisha, na yatima, kama katika riwaya zetu nyingi, ni mhusika rahisi wa kuliza watu. Lakini hadhira ya shajara hizi hulipa kila mwaka kwa ajili ya mnyama ambaye huenda wasimwone kamwe kwa macho, jambo ambalo mtazamaji wa kilele hana sababu ya kulifanya.

Mwanafunzi aliyenung'unika mtoni sasa anaandika tasnifu yake juu ya sauti za madereva. Amekwisha kunukuu kanda kumi na moja, neno kwa neno, pamoja na mafumbo yake na fasiri zake kadiri alivyoweza kuzipata kutoka kwa madereva wenyewe. Wiki iliyopita alikuja ofisini na swali la kiufundi ambalo sikuweza kulijibu. Katika kanda ya tisa dereva anaulizwa redioni alipo. Ananyamaza kwa sekunde kumi na nne, duma akiwa mbele yake na watoto watatu, kisha anajibu kwamba yuko njiani kurudi kambini. Alitaka kujua kimya hicho kiandikwe vipi.